Kadi ipi ya kunasia video inafaa kurekodi masomo ya kompyuta kwa ubora wa juu?

Mwalimu_Ramani, Nyegezi

Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Nyegezi.

Ninafundisha uchoraji wa ramani kwa programu ya QGIS, na wanafunzi wangu wengi wako nje ya jiji la Mwanza, Ukerewe, Sengerema na Geita, ambako hutazama masomo kwa simu. Nimeamua kuyaandaa upya masomo yote kwa njia ya video, na ningependa ubora wake umwezeshe mwanafunzi kusoma majina ya vijiji na kufuata mipaka ya kata bila kukaza macho, kwa sababu asiyeuona mstari hawezi kujifunza kuuchora.

QGIS ninaitumia kwenye kompyuta ya mezani ya siku nyingi kidogo. Ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4, RAM ya GB 8, na haina kadi ya grafiki ya pembeni. Ninapofungua picha ya setilaiti ya Ghuba ya Mwanza pamoja na tabaka za barabara, mito na mipaka, mashine huanza kuelemewa hata kabla sijawasha programu ya kurekodi. Pembeni yake ninayo kompyuta mpakato mpya zaidi, na nia yangu ni kwamba mashine ya mezani ichore ramani tu, halafu hiyo mpakato irekodi kinachoonekana kwenye kioo.

Katika maduka ya vifaa vya kompyuta hapa mjini nimeonyeshwa kadi za kunasia video, yaani vifaa vinavyopokea picha ya kompyuta moja na kuipeleka kwenye nyingine, za aina mbili. Ya kwanza ni ndogo kama flashi, ni ya bei rahisi, na juu ya boksi imeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Ya pili bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza, na boksi lake linataja 1080p kwa fremu 60 tu, yaani picha 60 kwa sekunde. Muuzaji mmoja alinieleza kuwa ile ya 4K ndiyo bora kwa kuwa 4K ni kubwa kuliko 1080p. Hesabu yenyewe siwezi kuibishia, lakini sielewi ni kwa nini kilicho bora kiuzwe kwa bei ndogo kiasi hicho.

Naomba mwongozo wa mwenye ujuzi. Nichukue ipi kati ya aina hizo? Je, ni lazima kadi iwe na tundu la pili la HDMI la kutolea picha? Na hizi zinazofungwa ndani ya kompyuta zina ubora zaidi kuliko za USB? Bajeti yangu haizidi laki nne.

Fundi_Kirumba

Karibu sana, mwalimu. Swali lako limekaa vizuri kwa sababu umeeleza kazi yenyewe, na kadi hizi huchaguliwa kwa kazi.

Kabla ya kutoa pesa, kwanza hakikisha kwamba unahitaji kadi. Kama kompyuta unayotaka kuirekodi ni yako na una ruhusa ya kuweka programu ndani yake, OBS Studio hupatikana bure na huchukua picha ya kioo ikiwa bado ndani ya mashine, haijapita kwenye waya wowote. Kwa usafi wa picha hakuna kadi inayoishinda njia hiyo. Prosesa yako ya kizazi cha 4 ina Quick Sync, sehemu maalumu ya kubana video ambayo Intel waliianzisha mwaka 2011, hivyo kazi ya kubana haitaiangukia prosesa yote. Ingia kwenye mipangilio ya OBS, chagua Quick Sync badala ya x264 inayobana video kwa nguvu ya prosesa, weka fremu 30 kwa sekunde, kisha rekodi huku ukiisogeza ramani yenye picha ya setilaiti. OBS ina dirisha la takwimu linaloonyesha fremu zilizopotea. Namba hiyo ikibaki karibu na sifuri, huna haja ya kadi na laki nne zako zinunue maikrofoni nzuri.

Kadi ina nafasi yake pale mashine inapoelemewa kama ulivyoeleza, au unaporekodi kitu kisichokubali kuwekewa programu, kwa mfano kamera, kifaa cha kupimia, au kompyuta ya ofisi iliyofungwa na mtu wa IT. Kwa hiyo tuseme umejaribu na fremu zinapotea.

Sasa nije kwenye hiyo 4K. Maandishi yaliyo juu ya boksi mara nyingi hueleza picha ambayo kadi inaweza kuipokea upande wa HDMI. Hayaelezi picha ambayo kadi inaikabidhi kwa kompyuta kupitia USB, na hiyo ya pili ndiyo utakayokuwa nayo kwenye faili lako. Vijiti vingi vya bei rahisi vimejengwa juu ya chipu iitwayo MS2109 ya kampuni ya MacroSilicon. Chipu hiyo hupokea hadi 4K kwa fremu 30, huipunguza hadi 1080p, kisha huituma kwa USB 2.0. Boksi halijadanganya moja kwa moja, lakini mnunuzi anabaki na picha ambayo hakuitarajia.

Tupige hesabu, kwa maana hapa ndipo jambo lote lilipo. Picha moja ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Katika mpangilio wa YUY2, ambao kadi nyingi huutumia kutuma picha isiyobanwa, kila pikseli huchukua baiti 2, hivyo fremu moja ni kama MB 4.1. Fremu 30 kwa sekunde ni kama MB 124, na fremu 60 ni kama MB 249. USB 2.0, hata kwenye makaratasi, haipitishi zaidi ya megabiti 480 kwa sekunde, ambazo ni MB 60, na katika matumizi ya kawaida hupitisha pungufu ya hapo. Picha inabaki kusongamana kama magari ya Sengerema na Geita yalivyokuwa yakisubiri kivuko pale Kigongo kabla ya daraja.

Ili ipite, kijiti kinalazimika kuibana kila fremu kwa mtindo wa MJPEG. Kwa picha ya mtu anayezungumza, ubanaji huo hausumbui sana. Kwa herufi ndogo na mistari myembamba unasumbua mno: utaona ukungu na vinukta vinukta vikizunguka kila herufi, na hakuna programu ya kuhariri itakayoviondoa, kwa sababu vimeingia kabla OBS haijaipokea picha.

USB 3.0 ina kasi ya gigabiti 5 kwa sekunde. Ukitoa sehemu inayotumika kupanga data yenyewe, inabaki njia ya MB 500 kwa sekunde kinadharia, na MB 249 zinapita bila kubanwa. Ndiyo maana kadi ya pili uliyoonyeshwa, inayotaja 1080p kwa fremu 60, inaweza kukupa picha safi kuliko ile inayotaja 4K. Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini kadi kama Elgato Cam Link 4K na HD60 X hukomea fremu 30 zinaponasa 4K kwa USB 3.0.

Ukienda dukani, beba kompyuta yako. Fungua OBS, ongeza kifaa cha kunasa video, na angalia orodha ya miundo ambayo kadi inatoa. Vijiti vya MS2109 hujitambulisha hapo hapo: kwa MJPEG utaona 1080p kwa fremu 30, lakini ukichagua YUY2 katika 1080p, orodha inashuka hadi fremu 5 kwa sekunde. Kadi ya USB 3.0 ya kweli itaonyesha YUY2, au NV12 ambao ni mpangilio mwingine usiobanwa, katika 1080p kwa fremu 60. Mwenye Linux atumie amri ya v4l2-ctl --list-formats-ext, naye ataona mambo yale yale.

Tazama pia ndani ya kichwa cha USB. Rangi ya buluu peke yake haithibitishi kitu, maana wapo wanaoweka plastiki ya buluu kwenye kifaa cha USB 2.0. Kichwa cha USB 3.0 cha umbo la kawaida kina vibati 4 mbele na vingine 5 vidogo nyuma yake. Ukiona vile 4 vya mbele tu, basi hiyo ni USB 2.0 iliyopakwa rangi.

Mhariri_Pasiansi

Fundi ameeleza vizuri suala la njia. Ningependa kuongeza jambo la rangi, kwa sababu mwalimu anafundisha ramani, na ramani huumizwa na rangi kabla haijaumizwa na kitu kingine.

Video nyingi hazihifadhi rangi ya kila pikseli. Huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi hugawanywa kwa majirani. Katika mpangilio wa 4:4:4 kila pikseli ina rangi yake. Katika 4:2:2, ambao ndio YUY2 aliyoitaja fundi, pikseli mbili zilizo bega kwa bega huchangia rangi moja. Katika 4:2:0, ambao ndio NV12, pikseli nne huchangia rangi moja. Kwa mandhari ya ziwa au uso wa mtu jicho halitambui tofauti. Lakini chukua mpaka wa wilaya za Nyamagana na Ilemela, uuchore kwa mstari mwekundu wa pikseli moja juu ya mandharinyuma meupe, kisha urekodi kwa 4:2:0. Wekundu wake utamwagikia pikseli za jirani, na mstari wenyewe utabaki na rangi ya waridi iliyochujuka. Mto wa buluu uliopita juu ya eneo la kijani ni mbaya zaidi, kwa kuwa mwanga wa rangi hizo unaweza kukaribiana sana, na kinachozitenganisha ni rangi yenyewe, ambayo ndiyo iliyopunguzwa.

Kwa sababu hiyo, mwalimu, usiishie kuangalia kama kadi ni ya USB 3.0. Angalia pia kama inatoa YUY2 katika 1080p, na ukipewa hiari kati ya YUY2 na NV12, chagua YUY2. Zipo kadi zinazonasa RGB kamili, kwa mfano zile za Magewell za familia ya Pro Capture, lakini hizo hufungwa ndani ya kompyuta kwenye nafasi ya PCIe. Kwa kuwa mashine yako ya kurekodia ni mpakato, hazikuhusu, na hapo nadhani swali lako la tatu limejibika.

Jambo lingine ni upana wa rangi. Kompyuta hutumia thamani za 0 hadi 255, wakati mifumo ya televisheni hutumia 16 hadi 235. Kadi na OBS zisipokubaliana juu ya hili, nyeusi inageuka kijivu na picha yote inaonekana kama imefunikwa na vumbi, au kinyume chake, maeneo ya giza yanameza majina yaliyoandikwa juu yake. Kabla ya kurekodi somo, fungua picha yenye ngazi za kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe, itazame kupitia kadi, na hakikisha ngazi zote zinahesabika. Zisipohesabika, rekebisha kipengele cha upana wa rangi kwenye mipangilio ya kifaa ndani ya OBS.

Fundi_Kirumba

Dada mhariri, nakubaliana nawe kuhusu mstari mwekundu, ila nina shaka kama mwanafunzi wa Ukerewe atanufaika na 4:2:2. Video ikishapandishwa YouTube inabanwa tena kuwa 4:2:0, na simu nyingi hazina uwezo wa kucheza video ya H.264, mtindo wa ubanaji uliozoeleka, ya aina nyingine. Rangi tuliyoilinda kwa gharama hapa itapotea kule.

Mhariri_Pasiansi

Ni kweli kwamba mwisho wake ni 4:2:0, kaka, lakini kati ya kurekodi na kupandisha kuna uhariri. Mwalimu anayefundishia wenye simu hawezi kuonyesha kioo kizima cha 1080p muda wote, maana kwenye simu jina la kijiji litakuwa na ukubwa wa chungu. Atalazimika kukuza sehemu ya picha mara mbili. Ukikuza picha ambayo rangi yake tayari imegawanywa kwa pikseli nne, kosa nalo linakua mara mbili, kisha YouTube inaipunguza rangi tena juu yake. Ukianza na picha yenye rangi nyingi zaidi, hasara ya mwisho inakuwa ndogo.

Hata hivyo, kwa somo hili ipo njia nyingine nzuri kuliko kadi yoyote. QGIS ina kikuzaji kwenye mstari wa chini wa dirisha lake, karibu na mahali panapoonyesha kipimo cha ramani. Ukikipandisha kutoka asilimia 100 hadi 150 au 200, mistari na majina yote yanakuwa manene bila kipimo cha ramani kubadilika. Kwa asilimia 200, mpaka wa pikseli moja unakuwa wa pikseli mbili, na mstari wa pikseli mbili unastahimili 4:2:0 vizuri zaidi. Fanya hivyo wakati wa kurekodi, na ongeza pia ukubwa wa maandishi ya Windows hadi asilimia 125 au 150 ili menyu nazo zisomeke. Hapo utapunguza sana haja ya kukuza kwenye uhariri.

Fundi_Kirumba

Hoja ya uhariri nimeikubali, na hilo la kikuzaji lifanyike hata kama hatanunua kadi.

Mzee_wa_Musoma

Wanangu, mmefafanua vizuri, ila hakuna aliyemuuliza mwalimu habari za kioo chake. Mimi hurekodi semina huku Musoma, na nimeona watu wakinunua kadi nzuri kisha wakalalamika kuwa picha haina makali, kumbe tatizo liko kwenye kioo cha kompyuta ya chanzo.

Kompyuta na kadi zinapounganishwa huzungumza kwanza. Kadi hutoa maelezo yaitwayo EDID, yanayotaja ukubwa wa picha inaoukubali, na kompyuta huchagua kati ya huo. Ukiwa na kioo cha zamani cha 1366 kwa 768, kisha ukaweka kompyuta ionyeshe picha ileile kwenye kioo na kwenye kadi, mara nyingi kompyuta huchagua ukubwa ambao vyote viwili vinauweza, nao utakuwa mdogo. Kadi ya 1080p itapokea picha ndogo, itaivuta hadi 1080p, na kila herufi itakuwa imelegea.

Tahadhari nyingine ni kuhusu vifaa vya Blackmagic Design, kama DeckLink na ATEM Mini, ambavyo ni vizuri sana kwa kamera. Vinapenda vipimo vya televisheni, yaani 720p na 1080p vya kawaida. Ukivipelekea 1366 kwa 768 kutoka kwenye kompyuta, tegemea kioo cheusi. Mwalimu, una kioo gani, na nyuma ya kompyuta yako kuna matundu gani?

Mwalimu_Ramani, Nyegezi

Shikamoo mzee wangu, na asanteni sana nyote. Nilikuwa kimya kwa sababu nilianza na jaribio la fundi kabla ya kurudi hapa.

OBS kwa Quick Sync ilirekodi vizuri nilipokuwa kwenye menyu na kwenye ramani ya mistari mitupu. Nilipowasha picha ya setilaiti na kuanza kuisogeza kutoka Capri Point kuelekea Kamanga, fremu zilianza kupotea, na QGIS yenyewe ikachelewa kuchora. Kwa sehemu hiyo ya masomo ninahitaji mashine ya pili. Masomo ya majedwali na menyu nitayarekodi bila kadi.

Kuhusu kioo, mzee umegonga penyewe. Ni cha 1366 kwa 768, na kimeunganishwa kwa VGA. Nyuma ya kompyuta kuna tundu moja la VGA na moja la HDMI, basi. Nikitumia HDMI kwa kadi, nitatazama wapi ninapofanya kazi? Nilifikiri kutazama kwenye dirisha la OBS upande wa mpakato, lakini sijui kama inafaa.

Mzee_wa_Musoma

Marahaba, mwanangu. Dirisha la OBS usilitegemee kwa kufanyia kazi. Picha inayopita kwenye kadi huchelewa kidogo kabla ya kuonekana, na ucheleweshaji huo, ingawa ni sehemu ndogo ya sekunde, unatosha kukufanya upitishe kipanya mahali ulipotaka kubofya. Kuchora mpaka kwa mkono katika hali hiyo ni mateso.

Hapo ndipo tundu la pili la HDMI linapokuwa na kazi. Kadi kama HD60 X ina tundu la kuingiza na la kutoa, na picha ya upande wa kutoa hupita moja kwa moja bila kuisubiri kompyuta inayorekodi. Cam Link 4K haina tundu hilo. Kama utapata kadi isiyo nalo kwa bei inayokufaa, nunua kigawanyi cha HDMI, kisanduku kidogo chenye mlango mmoja wa kuingiza na miwili ya kutoa, mmoja uende kwenye kadi na mwingine kwenye kioo. Kazi ni ileile.

Kwa vyovyote, kioo cha VGA ukiweke kando, na usijaribu kukiokoa kwa kigeuzi, kwa maana VGA ni mawimbi ya analogi na tatizo la ukubwa litabaki palepale. Kama nyumbani kuna televisheni ya 1080p, itumie kama kioo. Ingia kwenye menyu yake na uzime ule ukuzaji unaokata kingo za picha, kisha weka kompyuta katika 1920 kwa 1080 kamili. Hakikisha namba hizo zinafanana katika sehemu zote: kwenye Windows, kwenye kadi, na kwenye OBS. Zikitofautiana mahali popote, picha itavutwa au kubanwa, na herufi zitapoteza makali.

Mwalimu_Ramani, Nyegezi

Nimefanya kama mlivyoelekeza. Nilikwenda dukani na kompyuta mpakato, nikaomba kuchomeka kadi zote mbili kabla ya kulipa, na muuzaji hakuwa na kinyongo. Yeye mwenyewe alisogea kutazama. Ile ya 4K ilikuwa na plastiki ya buluu, lakini ndani ya kichwa chake kulikuwa na vibati 4 tu, na kwenye OBS ilionyesha YUY2 katika 1080p kwa fremu 5, kama fundi alivyosema. Ile nyingine ilionyesha YUY2 katika 1080p kwa fremu 60. Niliunganisha kompyuta ya dukani kwa HDMI, nikafungua ramani niliyoibeba kwenye flashi yenye mipaka myekundu ya pikseli moja na mito ya buluu. Kupitia kadi ya kwanza, jina la Igoma lilizungukwa na vinukta na mto ulikuwa umeyeyukia kwenye kijani. Kupitia ya pili, mistari iliyosimama wima ilififia kidogo, ile ya mlalo ilikuwa safi, na nilipoweka kikuzaji kwenye asilimia 150 sikuona tena tofauti na kioo chenyewe.

Nimechukua hiyo ya pili, haina tundu la kutolea, pamoja na kigawanyi, na bajeti imetosha. Televisheni nimeipata kwa ndugu yangu.

Yamebaki mambo mawili. Umeme wetu hukatika bila taarifa, hasa msimu huu wa mvua za radi, na nahofia kupoteza somo la saa nzima. Pia maikrofoni yangu ni ya USB, na sijui niiunganishe kwenye kompyuta ipi.

Fundi_Kirumba

Hongera, mwalimu. Kwa umeme, mpangilio wako wa mashine mbili umekusaidia zaidi ya ulivyokusudia. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani itazima, lakini mpakato itaendelea kwa betri, na kila ulichorekodi hadi dakika hiyo kitakuwa salama. Kwa QGIS, hifadhi mradi wako mara kwa mara, au tafuta UPS ndogo kwa ajili ya kompyuta ya mezani.

Hata hivyo, rekodi kwa muundo wa MKV. Faili la MP4 la kawaida huandika kielekezo chake mwishoni, rekodi inapofungwa, na likikatizwa kabla ya hapo huenda lisifunguke kabisa. MKV ikikatizwa, kilichoandikwa kinabaki kinachezeka, na OBS ina kipengele cha kuigeuza kuwa MP4 kwenye menyu ya faili bila kubana picha upya. Kama unahifadhi kwenye diski ya nje, iwe ya exFAT au NTFS, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Na diski hiyo usiichomeke kwenye habu moja na kadi, maana zitagombania njia. Kadi iingie moja kwa moja kwenye mlango wa USB 3.0 wa mpakato.

Usitumie kasi ya biti isiyobadilika. Chagua ubora usiobadilika, CQP au CRF kutegemea kisimbaji (kibanaji cha video) ulichonacho, na anza na namba 18. Kioo kikitulia faili linakuwa dogo, na ukisogeza picha ya setilaiti kisimbaji kinajiongezea biti kinapozihitaji. Kwa makadirio, wastani wa megabiti 20 kwa sekunde ni GB 9 kwa saa, lakini masomo ya ramani yenye vituo vingi vya maelezo mara nyingi yatakuwa chini ya hapo. Fremu 30 kwa sekunde zinakutosha.

Maikrofoni iunganishe kwenye mpakato, ili sauti isipite kwenye kadi. Kwa kuwa picha itachelewa kidogo na sauti haitachelewa, lazima uzioanishe. Rekodi jaribio fupi ambamo unabofya kipanya karibu na maikrofoni huku ukifungua menyu kwenye QGIS. Kwenye programu ya kuhariri, pima umbali kati ya mlio wa kubofya na menyu kufunguka, kisha ingiza namba hiyo kwa milisekunde kwenye OBS, katika sifa za juu za sauti, kwenye sehemu ya kuoanisha. Ukibadilisha kadi au idadi ya fremu, pima upya.

La mwisho ni usalama wa vifaa vyenyewe. Chomeka kompyuta zote mbili na televisheni kwenye ekstensheni moja yenye waya wa ethi, na unganisha nyaya za HDMI vifaa vikiwa vimezimwa. Ukiona dalili za radi upande wa ziwa, kabla haijaanza kupiga, chomoa ekstensheni ukutani na uchomoe pia waya wa antena kwenye televisheni.